Msamaha wa Ushuru si Ruhusa ya Kupika Gongo

Mwaka 1763 serikali ya Uingereza iliweka ushuru wa shilingi 4 kwa kila pipa kubwa la saida, kinywaji cha juisi ya matufaha iliyochacha, na aliyetakiwa kulipa ni yule yule aliyekamua matunda. Wakulima wa mikoa ya matufaha kama Herefordshire na Devon wakaja juu. Fedha iliwauma, lakini kilichowachoma zaidi ni kwamba mtoza ushuru alipewa haki ya kuingia nyumbani mwa mtu kukagua mapipa. Mwaka 1766 ushuru huo ukafutwa.

Kero ya namna hiyo ndiyo ambayo sheria za leo huiepuka kwa kutumia kile tunachokiita msamaha wa ushuru. Maana yake ni hii: sheria inakiri kwamba bidhaa fulani hutozwa ushuru, kisha inamtoa mtu au kiasi fulani katika tozo hiyo. Ushuru wa saida uliporudishwa Uingereza mwaka 1976, mtengenezaji ambaye hakuzidisha hektolita 70 kwa mwaka, yaani lita 7,000, alisamehewa. Kiwango hicho kilimtosha mkulima mwenye shamba la miti ya matufaha na kinu chake cha kukamulia, lakini kiwanda hakikuweza kujificha nyuma yake.

Neno "msamaha" lina walakini wake. Mtu husamehewa alipokosa, na huyu mkulima hajamkosea yeyote. Hata hivyo, "msamaha wa kodi" umeshazoeleka katika hotuba za bajeti na magazeti yetu, na kila msomaji anauelewa. Hakuna haja ya kuunda neno jipya.

Tatizo huanza neno hilo linapohamishiwa kwenye pombe kali.

Kuchachusha na kukeneka ni kazi mbili tofauti. Saida hujichachia yenyewe ndani ya pipa. Kukeneka, au kupika kama wasemavyo watu mtaani, kunahitaji moto: debe la pombe iliyochacha hufunikwa barabara, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, na upande wa pili matone yakaingia kwenye chupa. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, kabla ya maji, ndiyo maana kinachotoka kina makali. Mvuke huo ukivuja karibu na moto, nyumba inaweza kuungua. Ongeza kwamba pombe kali hutozwa ushuru mkubwa, na itaeleweka kwa nini serikali nyingi huisamehe saida lakini chombo cha kukenekea huking'ang'ania.

Marekani inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Sheria ya shirikisho inairuhusu kaya yenye watu wazima wawili au zaidi kutengeneza galoni 200 za divai kwa mwaka, takriban lita 757, bila kodi, mradi isiuzwe. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoipa bia ya nyumbani nafasi kama hiyo. Kwa pombe kali, sheria hizo hazikutoa hata lita moja. New Zealand ilikwenda njia nyingine: tangu 1996 mtu anaweza kukeneka nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, ila kuuza bila leseni ni kosa.

Hilo la New Zealand halitoshi kuitwa msamaha wa ushuru, kwa sababu kilichoondolewa ni katazo lenyewe. Liitwe ruhusa ya kukeneka kwa matumizi ya nyumbani. Kwetu tofauti hii ina uzito. Sheria ya Uganda ya mwaka 1965 kuhusu enguli, pombe kali ya huko, iliwataka wapikaji wawe na leseni, na Kenya ilipoiondoa chang'aa, nayo pombe kali ya kukenekwa, katika marufuku mwaka 2010 haikusamehe kitu. Iliiingiza kwenye leseni na masharti ya viwango. Mama anayepika gongo uani akisoma gazetini kwamba pombe za nyumbani "zimesamehewa", anaweza kuamini yuko salama, kumbe kilichoguswa ni ushuru wa kinywaji kingine kabisa.

Mhariri anayepokea habari ya namna hii aulize kwanza ni nini kilichoondolewa, ushuru, leseni au katazo, kisha akitaje kwa jina lake pamoja na kiasi kilichowekwa.