Kura Tatu za 1958 na Mzungu Aliyesimama Upande wa TANU

Mfikirie mkulima wa Ulemo, kule Iramba, mwaka 1958. Kihenge kimejaa mtama, zizini ana ng'ombe, watoto wanalala wameshiba. Kwa Wanyiramba wenzake huyo ni mtu mwenye mali na neno lake linasikilizwa. Kwa sheria ya uchaguzi ya Gavana Edward Twining, hayo hayakumtosha. Alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amefika darasa la nane, au awe na cheo kama uchifu.

Aliyepenya hapo alikutana na sharti la pili, lililochoma zaidi: kura tatu. Moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Ukiruka mmoja, karatasi yako imeharibika. Wazungu walikuwa wachache mno katika Tanganyika, lakini walitengewa viti sawa na Waafrika waliokuwa mamilioni. Dhuluma hiyo haina jina jingine.

Januari 1958 wanachama wa TANU walikutana Tabora, na wengi walikuja na nia ya kususia uchaguzi huo. Nyerere aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama chake. Lakini kuingia maana yake ilikuwa kutafuta Wazungu na Waasia wa kuunga mkono, na hapo ndipo jina la Derek Bryceson linapokuja.

Bryceson alizaliwa China mwaka 1922, kwa wazazi Waingereza. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa ndege za kivita. Akatunguliwa, akaumia vibaya, akabaki mtu wa kutembea na mkongojo maisha yake yote. Baada ya kusoma kilimo Cambridge alikuja Kenya, kisha akahamia Tanganyika kulima upande wa Kilimanjaro. Mlowezi kama huyo alitarajiwa awe wa UTP, chama kilichopewa nguvu na serikali. Yeye aligombea kwa kuungwa mkono na TANU, chama ambacho hata uanachama kisingeweza kumpa, kwa kuwa wakati huo kilipokea Waafrika peke yao.

Septemba 1958 Jimbo la Kaskazini lilimchagua pamoja na Solomon Eliufoo na Sophia Mustafa. Mtego wa kura tatu ukamnasa aliyeutega, maana UTP iliambulia patupu.

Mwaka 1959 Bryceson akawa waziri, na baada ya Uhuru akaendelea katika baraza la mawaziri la Nyerere, ambako alishika pia kilimo. Linalonigusa zaidi ni la 1965. Kura tatu zilikuwa zimekufa, hakuna kiti cha Mzungu, wagombea wanashindana kwa alama ya jembe na nyumba. Wapiga kura wa Dar es Salaam, wengi wao Waafrika, walimrudisha bungeni kwa hiari yao. Baadaye aliongoza Hifadhi za Taifa, na akafariki Oktoba 1980.

Habari za Kaskazini na Dar es Salaam zimeandikwa. Za vijiji vya Iramba bado zimo vifuani mwa wazee. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1958 leo yuko karibu na 90. Wewe uliye Ulemo, kama nyumbani yupo babu au bibi wa umri huo, keti naye jioni hii, umwulize nani hapo kijijini aliruhusiwa kupiga kura na nani alirudishwa, kisha uandike.