Waliokumbukwa Kabla ya Mashine ya Chapa

Ijumaa moja ya mwaka 1331, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alikuwa akitoka msikitini. Fakiri mmoja wa Kiyemeni akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akamkubalia. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Basi Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akamwita yule mtu achukue aliyoyavua.

Aliyekuwapo siku hiyo ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Alikisimulia kisa hicho akiwa Fez, na Ibn Juzayy ndiye aliyekiandika. Kitabu kilikamilika mwaka 1355, yaani miaka 24 tangu Ijumaa ile, na kwa karne nyingi kikawa kinanakiliwa kwa mkono tu.

Al-Hasan alikuwa na mashahidi wengine pia. Alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, jumba la vyumba zaidi ya mia moja lenye birika la pembe nane. Alipiga sarafu ndogo za shaba zenye jina lake, na maneno ya upande mmoja yana kina kimoja na maneno ya upande wa pili; mtu aliyeishika sarafu alikuwa ameshika ubeti. Moja ya sarafu hizo imeokotwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na pwani. Tena ikaja tarikh ya Kilwa, iliyotungwa karne ya 16, ambayo nakala yake Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa balozi wa Kiingereza John Kirk.

Lakini kisa cha nguo hakikuishia pale. Mtoto wa Sultani alizichukua tena nguo zile na kumlipa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu ishirini walitolewa zawadi, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Hapo ndipo historia ya kabla ya chapa inapouma: waliobaki ni wenye mawe, sarafu na wageni wa kuwaandika.

Mshairi Muyaka bin Haji hakuwa na jumba wala sarafu. Alizaliwa Mombasa mnamo 1776, akaishi zama za watawala wa ukoo wa Mazrui, akawatungia mashairi ya kuwatia moyo katika ugomvi wao na Seyyid Said wa Oman, na mengine ya mapenzi, ya njaa na ya maisha ya mtaani. Alifariki mnamo 1840. Mashairi yake yalibaki kwa sababu watu wa Mombasa waliyapenda na kuyahifadhi vifuani.

Ilipofika miaka ya 1880, mmishonari William Taylor alianza kuyatafuta. Aliyemwezesha ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, aliyewajua wazee wa kuwauliza na aliyeyaandika mashairi kwa hati za Kiarabu. Diwani ya Muyaka ilichapwa mwaka 1940, miaka mia moja tangu mshairi afariki. Jina la Taylor hutajwa sana. La Sikujua lastahili kutangulia, kwani bila yeye mgeni angekusanya vipande tu.

Kazi kama ya Sikujua haijaisha. Katika nyumba nyingi za Lamu, Pemba, Tanga na Bagamoyo bado kuna makasha yenye karatasi za mababu: tenzi, hati za mashamba, nasaba, barua. Mchwa na unyevu haviwangojei wajukuu. Mwenye kasha kama hilo alifungue mwaka huu, amwite mzee anayezisoma hati hizo, na azipeleke zikapigwe picha katika Nyaraka za Taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu naye.