Simu ya Dogo Anayesafiri na Shule: Kabla ya Kamera, Uliza Laini

Shule ikishatangaza safari ya nje, iwe Kigali, Dubai au Istanbul, kundi la wazazi la WhatsApp linageuka Kariakoo. Maza mmoja anataka mwanaye abebe iPhone ili asionekane mnyonge mbele ya wenzake. Mshua mwingine anasema mtoto wa miaka 15 apewe kitochi, maana ataipoteza tu. Dogo mwenyewe kashamaliza kulinganisha kamera tangu juzi. Kwenye kelele zote hizo kuna swali ambalo halipewi hata dakika mbili: hiyo simu ikishuka kwenye ndege itashika mtandao wa nani, na salio litakatwa kwa nani?

Swali hilo lina zaidi ya miaka 30, na ukilifuatilia lilikotoka unaona kwa nini simu ya bei mbaya inaweza kufika ugenini ikawa kioo cha kujipodolea.

Tuanzie Finland. Tarehe 1 Julai 1991, waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo alipiga simu ya kwanza kwenye mtandao wa GSM. Wengi wanaikumbuka simu ile, lakini mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa kale ka-kadi. Kampuni moja ya Munich, Giesecke & Devrient, ilitengeneza laini 300 za kwanza na kuwauzia Wafini. Zilikuwa kubwa kama kadi ya benki. Ndipo namba ya mtu ilipohama kutoka kwenye simu na kuingia kwenye laini: ukibadilisha simu, namba unaondoka nayo. Mwaka uliofuata, 1992, kampuni ya Finland na Vodafone ya Uingereza zikakubaliana mteja wa huku akienda kule laini yake idandie mtandao wa mwenyeji. Hiyo ndiyo romingi. Kwenye karatasi, kazi ilikuwa imekwisha.

Sasa njoo mwaka 2001. Nokia 3310 ndiyo habari ya mjini, mwenye nayo anaiweka mezani makusudi ionekane. Simu ile ilisikia masafa mawili tu, 900 na 1800, yanayotumika Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia. Marekani wanatumia 850 na 1900. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dar aliyetua New York na 3310 yake alikuwa ameshika saa yenye gemu la nyoka. Haikuwa suala la salio wala la kujiunga, masikio ya simu yenyewe hayakuwa na masafa yale. Tena simu inayotafuta mtandao bila kuupata inakula chaji balaa. Nokia waliwauzia Wamarekani toleo lao, likiitwa 3390, na kwa macho zilifanana kama mapacha. Japani na Korea Kusini ndiyo usiseme, GSM hawakuwa nayo kabisa, walikuwa na mitambo yao.

Ndiyo maana Motorola Razr V3 ya mwaka 2004 ilikuwa zaidi ya wembamba uliowatoa watu udenda. Ilisikia masafa yote manne. Ungeifungua Posta, ukaifungua Chicago, inashika.

Mtandao ukashika, ikaja kesi ya hela. Hapa kuna kitu: ukiwa nje ya nchi, ulikatwa hata kwa kupokea. Mama anapiga kutoka Mbagala kumjulia hali mwanaye, analipa yeye kama kawaida, na mtoto kule anakatwa kipande cha pili. Dakika tatu za "umekula? umelala wapi?" na vocha imekwisha. Watu wakawa wanabipu kwa alama: mlio mmoja nimefika, miwili nina shida. Mzazi analala na simu kifuani akisubiri mlio mmoja, halafu usiombe ije miwili.

Hiyo kitu haikuvunjwa kwanza Ulaya. Septemba 2006 Celtel waliunganisha mitandao yao ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa huduma waliyoiita One Network. Ukivuka Namanga, unapiga kwa bei ya wenyeji, unapokea bure, na vocha ya dukani Nairobi inaingia kwenye laini yako ya Tanzania. Mwaka 2007 ikasambaa kwenye nchi 12 za Afrika. Umoja wa Ulaya, pamoja na utajiri wao, mwaka huohuo wa 2007 ndiyo kwanza walikuwa wanaweka kikomo cha bei, na kuzifuta kabisa tozo za ziada walifika Juni 15, 2017. Kwa jambo hili tuliwatangulia miaka zaidi ya kumi, na sijui kwa nini hatujisifii. Baadaye jina la Celtel likawa Zain, kisha Airtel, na mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kushusha bei za kupigiana kati yao. Tanzania haikuwamo kwenye kundi hilo la kwanza.

Jingine letu ni laini mbili. Kwa kuwa kupigiana mtandao mmoja kulikuwa rahisi na kuvuka mtandao kulikuwa ghali, watu walitembea na simu mbili mfukoni. Tecno wakaliona hilo, na mwaka 2007 wakaleta T780 yenye nafasi mbili za laini. Wakubwa walicheka. Nokia wakafuata mwaka 2010, Apple wakafika 2018. Kwa msafiri hicho ndicho kitu: laini ya nyumbani inabaki kwa kupokea meseji, intaneti yake imezimwa, na laini ya ugenini ndiyo inabeba bando.

Turudi kwa yule mshua wa kitochi. Kwa Nairobi au Kigali yuko sahihi kabisa, na chaji itakaa siku nne. Lakini kuna nchi zimeanza kuzima mitambo ya zamani. AT&T ya Marekani ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022. Australia ilimalizia kuzima 3G mwaka 2024. Kitochi cha 2G huko ni 3310 ya mwaka 2001 tena, kimya. Ukitaka kitochi, kiwe cha 4G kinachoweza kupiga simu kwa 4G.

Na yule maza wa iPhone asikilize pia. Simu nyingi zilizotumika zinazokuja kutoka Marekani zimelokiwa kwenye mtandao uliomuuzia mwenyewe wa kwanza. Halafu kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini, ni eSIM tu. Dogo akinunua laini ya kadi huko Istanbul, ataitia wapi?

Programu nazo zina mipaka. Emirati kwa miaka mingi meseji za WhatsApp zinapita lakini kupiga kunazuiwa, na China wameifungia tangu 2017. Aliyezoea kupiga kwa WhatsApp tu akifika huko anadhani simu imekufa.

Mimi ningemnunulia dogo Android ya kawaida, laini mbili, 4G, betri kubwa, isiyo na loki. Kuijua loki ni rahisi: kabla hujalipa, tia laini ya mtandao mmoja, ipigie, toa, tia ya mtandao mwingine. Ikikataa mojawapo, mrudishie muuzaji. Hela ya kamera iliyobaki ikawe bando na adapta ya chaji, maana pini zetu tatu haziingii kwenye ukuta wa Uturuki. Romingi iombwe kabla ya safari, siyo uwanja wa ndege watu wanapanga foleni. Namba ya mwalimu iandikwe kwenye karatasi, iwekwe ndani ya pasipoti.

Halafu fungua majina kwenye simu yake. Mama kahifadhiwa kwa namba inayoanza na 07, na ukiwa nje hiyo haiendi popote. Futa hiyo sifuri uweke +255, mama, baba, na yule shangazi anayepokea hata saa nane usiku.