Karamu ya siku ya kuzaliwa bila ngano wala maziwa

KEKI ya ngano, sambusa na aiskrimu ndivyo vyakula ambavyo wazazi wengi huvifikiria kwanza wanapoandaa siku ya kuzaliwa ya mtoto. Kwa mtoto ambaye mwili wake hauvumilii ngano wala maziwa, vyakula hivyo huweza kuigeuza furaha kuwa maumivu. Hata hivyo, familia inayoishi Jilore, karibu na Mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke, haihitaji bidhaa ghali za madukani ili kumwandalia karamu salama. Sehemu kubwa ya karamu hiyo imo tayari katika mapishi ya pwani.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, protini hiyo huifanya kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba. Mtoto huharisha, hupungukiwa na damu na hata kudumaa. Uhusiano wa ugonjwa huo na ngano ulielezwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, katika tasnifu yake ya mwaka 1950.

Maziwa nayo huleta taabu kwa njia mbili. Wapo watoto ambao kinga yao huipinga protini ya maziwa, na kwao hata tone moja huweza kuwa hatari. Wengine hushindwa kumeng’enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, nao huumwa na tumbo. Maziwa ya mbuzi si badala salama, kwani protini yake hufanana sana na ile ya maziwa ya ng’ombe.

Mahali pa keki pana mkate wa kumimina. Vikombe 2 vya mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha, kisha husagwa pamoja na kikombe 1 na nusu cha tui zito, kikombe 1 cha sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira na iliki. Rojo huachwa liumuke kwa muda wa saa moja hivi, hutiwa ute wa yai moja uliopigwa, kisha humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kuokwa kwa makaa juu na chini. Ukipoa, mkate hupambwa kwa nazi iliyokunwa na vipande vya embe.

Chakula kikuu chaweza kuwa wali wa nazi kwa kuku wa kupaka, au pilau. Biriani yahitaji tahadhari, kwa kuwa wapishi wengi huitia maziwa ya mgando. Vitafunio ni mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha, kachiri za muhogo, bisi na vitumbua vya mchele. Kinywaji ni maji ya ukwaju, ya embe, au madafu. Kashata za nazi hutosha kuwa peremende. Zile za njugu zisiandaliwe kabla ya kuwauliza wazazi wa wageni, maana wapo watoto wanaodhuriwa na njugu.

Hatari kubwa imo katika ngano isiyoonekana. Bajia na viazi karai hupikwa kwa unga wa dengu, lakini baadhi ya wauzaji huuchanganya na wa ngano. Mafuta yaliyokaangia mahamri yasikaangiwe chakula cha mtoto huyo. Unga uliosagwa katika mashine inayosaga ngano hubeba mabaki yake. Soseji, viungo vya pakiti, majarini na chokoleti visomwe maandishi yake kwanza.

Aidha, mzazi anayeshuku siliaki asimwondolee mtoto ngano kabla ya kumpeleka hospitalini, kwani kipimo cha damu huweza kutoonyesha ugonjwa iwapo mtoto ameshaacha kuila.

Lililo bora ni watoto wote kula chakula kimoja. Sahani ya pekee humtenga mwenye sherehe mbele ya wenzake, na mahamri yakiwa mkekani, mkono wa mtoto hauchelewi kuyafikia. Wageni waarifiwe mapema wasije na keki wala biskuti. Anayetaka kuchangia aombwe kuleta matunda.