Kuchapa mara mbili

Kitenzi "chapa" kina kazi nyingi. Tunachapa kitabu, tunachapa barua, tunachapa kazi, na mtoto mtundu huchapwa. Asili yake inatajwa kuwa Kihindi, na wazee bado husema "kupiga chapa".

Sijui kama kuna mahali kitenzi hiki kingefaa zaidi ya Uingereza ya mwaka 1983. Watoto walikuwa na ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya Sinclair yenye vitufe vya mpira, iliyotoka mwaka 1982, ikichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Michezo iliuzwa kwenye kaseti, lakini mingine ilikuwa ndani ya vitabu. Wachapishaji Usborne walitoa vitabu vya picha za kuvutia, na kando ya picha mistari ya lugha ya kompyuta ya BASIC. Kitabu kimechapwa kiwandani; mtoto naye akauchapa mchezo upya, mstari kwa mstari. Nukta moja ikikosewa, mchezo hauendi. Basi anarudi kuusaka mstari wenye kasoro, na hapo ndipo wengi walipojifunza kuandika programu. Adhabu nzuri kuliko fimbo, nadhani.

Kiingereza kina vitenzi viwili kwa kazi hizo. Sisi tuna kimoja, ingawa siku hizi vijana wanasema "kutaipu", nami siwagombezi: mwenye kusema "nimechapa mchezo" leo huenda akaulizwa alishinda kwa mabao mangapi.