Maji Yaliyofichwa Mchangani

Mgeni apitaye Machakos katika mwezi wa Septemba ataona mito mingi isiyo na maji, mchanga mtupu unaong'aa juani. Lakini akingoja kidogo huenda akamwona mama akishuka na mtungi, akipiga magoti na kufukua shimo la kina cha mkono. Na mara maji safi yaanza kujikusanya chini ya shimo lile. Wakamba waliijua siri hiyo tangu kale, kabla ya kampuni ya Waingereza kuweka kituo chake Machakos mwaka wa 1889. Kilichokosekana ni ukuta wa kuyazuia maji hayo yasiende zake, na ukuta huo ulitanguliwa na ugomvi mkubwa juu ya udongo.

Katika miaka ya 1930 nchi ya Machakos ilikuwa imechoka. Ardhi nzuri, kama ile ya vilima vya Mua, ilikuwa mikononi mwa walowezi, na ng'ombe wa wenyeji walibanwa katika sehemu iliyobaki. Ukame ulimaliza majani, kisha mvua ikaja kwa nguvu na kuuchukua udongo. Mwaka wa 1937 Colin Maher, afisa wa kilimo, aliandika habari za uharibifu huo. Serikali ikaona kwamba ng'ombe wamezidi, na mwaka wa 1938 ikawakamata na kuwauza kwa nguvu, ilhali kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, si mbali. Kwa Mkamba ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya mtu. Basi watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, walifunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alihamishwa akapelekwa Lamu, lakini uuzaji wa nguvu ulikomeshwa kabla ya mwaka kwisha.

Maher hakukosea aliposema kwamba udongo unapotea. Kosa lilikuwa katika dawa, na zaidi katika mkono ulioitoa. Baada ya Vita vya Pili watu waliamrishwa kuchimba matuta. Wengi walichimba kwa chuki, na matuta mengi membamba yalibomolewa na mvua. Miaka ya 1950 ikaenea namna nyingine iitwayo fanya juu: mkulima huchimba mfereji, na udongo wake huutupa upande wa juu wa mteremko, ukawa ukingo. Kazi hiyo ilifanywa na mwethya, yaani ule ushirika wa kale wa kusaidiana shambani, na wanawake ndio waliokuwa wengi.

Miaka hiyo hiyo wahandisi wa Serikali walijenga mabwawa ya mchanga katika baadhi ya mito. Bwawa la namna hii si ziwa. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mahali ambapo mwamba u karibu, nao sharti ukae juu ya mwamba wenyewe, la sivyo maji hupenya chini yake. Na ncha zake huingizwa ndani ya kingo, maana mto wenye hasira hutafuta njia ya kupita kando. Mafuriko yajapo, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu pamoja na maji. Ndiyo sababu mafundi wengine huupandisha ukuta kidogo kidogo, msimu hata msimu: ukipandishwa wote kwa mara moja, tope nalo hutua, na tope halitoi maji kwa urahisi. Bwawa lililojaa mchanga mzuri huweka maji katika nafasi zilizo baina ya chembe, robo ya ujazo wote na pengine zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawazai humo, wala ukoga wa kijani haumei kama katika bwawa la wazi, kwa kuwa hakuna nuru. Nami naona ajabu kwamba mchanga, uliokuwa dalili ya nchi kuharibika, umekuwa tangi lake.

Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni. Wanakikundi walichimba matuta, wakabeba mawe na maji ya kukorogea saruji, na mabwawa ya mchanga yakaongezeka mto kwa mto. Mwaka wa 1994 wataalamu Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha kitabu juu ya Machakos, wakaonyesha kwamba tangu 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua.

Lakini Nairobi inajengwa, na majengo hutaka mchanga. Malori huteremka mitoni kuuchota, na mahali palipochotwa mpaka mwambani mvua hupita kwa saa chache tu, kisha mama mwenye mtungi hana pa kufukua. Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka 1992, ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015.