Mbagala, Mwembechai na kiwanja cha Chang'ombe

Ijumaa ya Oktoba 12, 2012, makanisa kadhaa ya Mbagala, wilayani Temeke, Dar es Salaam, yalivamiwa. Siku mbili kabla, watoto wawili, mmoja Mwislamu na mwenzake Mkristo, walibishana kuhusu Kurani, na ubishi ukaishia kwa yule Mkristo kuikojolea. Polisi wakamshikilia. Ijumaa ile umati ukaenda kituoni kudai akabidhiwe. Polisi walipokataa, hasira zikamwagika kwenye makanisa. Vioo vikavunjwa, moto ukawashwa, zaidi ya watu 100 wakakamatwa.

Kwa anayeishia hapo, dini ina hatia. Lakini wiki hiyohiyo, hapohapo Temeke, kulikuwa na mgogoro mwingine ambao hauna Mkristo hata mmoja ndani yake. Sheikh Ponda Issa Ponda na wenzake 49 walishtakiwa kwa kuvamia kiwanja cha Chang'ombe Markaz. Wao walisema kiwanja ni mali ya Waislamu na kwamba BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, haikuwa na haki ya kukitoa kwa kampuni binafsi. Hapo Waislamu walikuwa wanawadai Waislamu wenzao.

Dai hilo lina mizizi mirefu. Desemba 1968 serikali ilipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyokuwa ikijenga shule na misikiti, na BAKWATA ikazaliwa. Mwaka huohuo Sheikh Hassan bin Amir, mwanachuoni aliyekuwa bega kwa bega na chama cha TANU wakati wa kudai uhuru, alirudishwa Zanzibar. Tangu hapo wapo Waislamu wengi wa Dar es Salaam wanaoiona BAKWATA kuwa chombo cha serikali, wakiuliza nani aliichagua iwasemee na ishike mali zao. Naliona hilo kuwa swali la haki na uwakilishi, ambalo lilistahili kujibiwa mapema, mezani. Halikujibiwa, likahamia misikitini, na huko likavaa kanzu.

Mwembechai, Kinondoni, swali hilo lilivaa damu. Mapema mwaka 1998 wahubiri wa Kiislamu wa mihadhara, waliokuwa wakiichambua Biblia hadharani, walilalamikiwa kuwa wanakashifu Ukristo. Serikali ikajibu kwa kamatakamata, na Februari 13 polisi wakafyatua risasi karibu na msikiti, watu wakafa. Mkristo wa Mwembechai hakumpiga risasi jirani yake. Aliyeshika bunduki alitumwa na dola.

Siisafishi dini. Wahubiri wa pande zote mbili walijua kashfa hukusanya watu haraka kuliko hoja ya kiwanja, na wakaitumia. Waliochoma makanisa ya Mbagala waliwadhulumu watu wasiohusika kabisa na BAKWATA wala EAMWS, wapangaji wenzao wa nyumba moja, wanaochangiana misiba na arusi. Dhuluma ile haina utetezi. Ila tukiitupia dini lawama yote, tunawaachilia walioamua mambo ya 1968 na walioamuru risasi za 1998, nao ndio wenye maelezo ya kutoa.

Mei 9, 2013, Mahakama ya Kisutu iliwaachia huru wale 49 na kumpa Ponda kifungo cha nje cha mwaka mmoja kwa kosa la kuingia kiwanjani kwa jinai. Baadaye Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Kesi ikaisha, lakini swali la nani mwenye dhamana ya mali za Waislamu bado linaulizwa Temeke.